Nilisema Nimepima

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa Jumamosi, na nilikuwa na haraka. Kesho yake mdogo wangu alikuwa anapata kipaimara huko kwetu Kinole, na gari la kupanda mlimani lilikuwa linaondoka mjini saa saba mchana. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwenye afya, mwenye mdomo mwepesi, na nilijiona sina tena cha kufundishwa na mtu.

Nilikuwa nafanya kazi katika kiwanda cha viatu hapa hapa Morogoro. Soli hubandikwa kwa gundi, na gundi yetu ilichanganywa na thina, kile kimiminika kikali cha kuyeyushia gundi na rangi. Hiyo thina ilikaa kwenye tangi nyuma ya jengo, ikavutwa na pampu hadi chumba cha gundi nilimokuwa mimi. Pampu yenyewe ilifungwa ndani ya shimo la saruji, kina chake kinampita mtu mzima, lenye ngazi ya chuma ya kushukia.

Aliyesimamia usalama wetu aliitwa Mzee Mkude, mtu mfupi, mpole, aliyekuwa zamani mfanyakazi wa reli kule Ngerengere. Alikuwa na sheria moja ambayo haikuwa na mjadala. Kabla mtu hajashuka shimoni, kipimo cha mvuke kifungwe kamba, kishushwe hadi chini kabisa, kisubiriwe. Kikilia, hakuna kushuka. Kisipolia, unaandika kwenye daftari, unaweka sahihi. Zamu ile mwenye kazi hiyo nilikuwa mimi.

Saa nne hivi asubuhi akaja fundi wetu, Rajabu, kijana wa Dakawa, mtaratibu sana, mke wake amejifungua mwezi uliopita. Pampu ilikuwa inapiga kelele isiyo yake.

"Dada Vero, nataka nishuke nikaikaze. Umepima?"

Mwanangu, kipimo kilikuwa stoo, upande wa pili wa kiwanda. Kwenda na kurudi, kukiwasha, kukisubiri, ningepoteza karibu nusu saa, na gundi ya siku ile nilitaka niimalize niwahi gari. Nikainama kwenye mdomo wa shimo, nikavuta hewa kwa pua. Sikusikia harufu yoyote.

"Nimepima," nikasema. "Shuka tu."

Nikafungua daftari, nikaandika kwamba pako salama, nikatia sahihi yangu. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Rajabu alivaa mkanda wake, akaufunga kamba, ncha ya pili akaifunga kwenye nguzo kama tulivyofundishwa. Wenzake walikuwa wakimcheka kwa hilo, kwamba anajifunga kama mbuzi. Akashuka. Nikamsikia akigonga chuma kwa spana. Halafu nikamsikia akicheka peke yake.

"Kaka Rajabu, unacheka nini?"

Akanijibu maneno yasiyoeleweka, ulimi mzito kama wa mlevi. Spana ikaanguka. Nilipochungulia nilimwona amekaa chini, mgongo umeegemea ukuta, kichwa kimelalia bega. Pembeni yake, chini ya kiungo cha bomba, sakafu ilikuwa imelowa.

Nilipiga kelele, nikakimbilia ngazi. Mguu mmoja ulishakanyaga kipandio cha kwanza mkono uliponidaka shingoni kwenye kola ya ovaroli, ukanivuta nyuma hadi nikaanguka chali. Alikuwa Mzee Mkude.

"Ukishuka, Veronika, tutazika wawili. Shika kamba!"

Mlinzi alikuwa amefika mbio, naye akanyoosha mkono kwenye swichi ya feni iliyokuwa ukutani karibu na shimo, ili hewa iingie. Sijawahi kumsikia Mzee Mkude akipaza sauti namna ile, kabla wala baada.

"Usiguse! Cheche moja tu tutaungua wote. Kimbia ukazime umeme kule getini!"

Wafanyakazi wawili wakaja mbio, tukavuta ile kamba watu wanne. Rajabu alikuwa mwembamba, lakini siku ile alikuwa mzito kama gunia lililolowa. Tukamtoa, tukamkokota hadi uwanjani, upande unakotoka upepo wa mlimani, tukamlaza kwa ubavu. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Mzee Mkude alipiga magoti, akaweka sikio lake karibu na mdomo wa Rajabu.

"Anapumua," akasema.

Wakampeleka hospitali. Mimi nilibaki uwanjani na kamba mkononi. Mzee Mkude akarudi na lile daftari, akaniuliza taratibu, "Kipimo kilisomaje?"

Ningeweza kusema kilikuwa kibovu. Wazo hilo lilinijia, sikufichi. Lakini nilitazama viatu vya Rajabu vilivyokuwa vimemtoka miguuni wakati tukimvuta, vimelala pale kwenye saruji, nikashindwa.

"Sikupima, mzee. Nilinusa tu."

Alilifunga daftari. Kisha akasema, "Binti, wewe umekaa chumba cha gundi tangu saa mbili. Pua yako imeshazoea, haikwambii tena kitu. Na mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, haupandi juu kukufuata. Unatambaa, unajaa chini. Ulinusa juu, mwenzako amepumua chini. Na hata hilo si kubwa. Mtu anaweza asijue. Kubwa ni kwamba uliandika."

Kinole sikwenda. Kesho yake, wakati mdogo wangu anapakwa mafuta kanisani, mimi nilikuwa wodini. Mke wa Rajabu alikuwa kando ya kitanda cha mumewe na mtoto mgongoni. Nilimwambia yote mbele ya mumewe. Yeye alilia. Rajabu alinitazama tu, akasema neno moja: "Nilikuamini."

Alipona, namshukuru Mungu, ingawa kichwa kilimsumbua miezi mingi na shimoni hakushuka tena. Mimi nilisimamishwa kazi mwezi mzima. Niliporudi sikuomba kurudi kwenye gundi. Nilimfuata Mzee Mkude, nikamwamkia, nikamwomba anifundishe ukaguzi. Akaitikia marahaba, akanipa kitambaa cheupe kikavu. Kila asubuhi nilipita kiungo kwa kiungo, koki kwa koki, nikipangusa na kutazama kama kitambaa kimelowa. Nilipima kimo cha thina tangini jioni na asubuhi, maana ikipungua na hakuna aliyeitumia, ujue kuna mahali inatoka. Kazi hiyo niliifanya hadi nilipostaafu.

Kuna mwaka bosi mmoja alinisimamia kichwani, mzigo unasubiriwa, kipimo kinalia na yeye hasikii harufu. Akasema ningefukuzwa. Nikamwambia, "Nifukuze, lakini hapa hashuki mtu." Nilikaa kwenye mdomo wa lile shimo, miguu nimeikunja, hadi walipopitisha hewa na kipimo kikanyamaza. Hakunifukuza.

Sasa wewe unaanza kazi Jumatatu, mwanangu, na watakupa ovaroli mpya na utaona fahari. Nenda. Lakini usiiamini pua yako kwa kitu kinachoilevya pua. Funika kila pipa hata kama unaondoka dakika moja, na simu yako iache nje, moto na cheche visikaribie. Mwenzako akianguka shimoni, usimfuate bila mtungi wako wa hewa na kamba yako; piga kelele, vuta ukiwa juu. Ukiona kiungo kinalowa, sema siku hiyo hiyo, hata wakikucheka. Na ukiulizwa kama umepima, na hujapima, sema hujapima. Aibu yake itakwisha kabla ya chakula cha mchana. Hii yangu ina miaka zaidi ya thelathini, na bado naibeba.

Mungu akulinde mapafu yako na macho yako. Akupe ulimi usioogopa kusema hapana, na kila jioni akurudishe kwa mama yako ukitembea kwa miguu yako mwenyewe.