Picha Isiyokuwepo Ukutani

Mama Nélio hakurudishii nguo zako mpaka uchore. Ndivyo alivyo, na mabaharia wa yoti, vyombo vidogo vya matanga, wanaotia nanga hapa Horta, bandari ya kisiwa chetu, wamemzoea. Unampelekea kapu la mashuka yaliyoganda chumvi ya Atlantiki, anafua, anapiga pasi, halafu analikalia kapu lenyewe.

"Umechora?"

"Bado, mama."

"Basi utavaa ngozi yako!"

Maana kwetu kila yoti inayopita huacha picha kwenye ukuta wa bandari: jina la chombo, mwaka, majina ya waliomo. Anayeondoka bila kuchora hafiki. Wageni wanacheka, wanatuita washamba, kisha haooo, wanakuja dukani kwangu kununua rangi. Mimi Hermínio nimeuza rangi miaka arobaini, na yoti niijuayo iliyoondoka bila kuchora ni moja tu.

Ndiyo iliyomchukua Nélio. Alikuwa mtoto wake wa pekee, na siku ya ubatizo mimi ndiye niliyempakata, nikawa baba yake wa ubatizo. Miaka kumi na tisa iliyopita bwana mmoja wa Denmark na mkewe walipungukiwa mtu wa kuwasaidia matanga hadi kwao, Nélio akajitosa. Mama yake alinuna wiki nzima. Mwisho akasema, "Haya, nenda. Lakini uchore kwanza."

"Mama nawe! Ushirikina huo!"

Jumapili mchana upepo ukawa mzuri, wakang'oa nanga. Mama mtu alikimbilia ukutani na aproni yake, akapaza sauti, "Nélio! Umechora?" Kijana akanyoosha mikono mitupu, akacheka, akapunga. Hawakufika popote. Hata kipande cha ubao hakikuokotwa.

Mama yake aliigeuza picha ya kijana ikatazama ukuta wa sebule. "Mkaidi," husema. "Nilimwomba kitu kimoja, kimoja tu, akanicheka mbele ya watu." Amemlilia na kumkasirikia kwa pamoja, na kilio cha namna hiyo hakipoi.

Na mimi nilikuwa najua. Mungu anisamehe, nilikuwa najua siku zote.

Jumapili ile ilikuwa sikukuu ya Roho Mtakatifu, na mwaka huo zamu ya kuwapikia watu wote supu ilikuwa yangu. Watu mia mbili mezani, nyama haijaiva, mkate mtamu umeungua upande mmoja, mke wangu ananifokea. Asubuhi nilipitia dukani kuchukua kamba ya kufungia turubai, nikamkuta Nélio mlangoni, anahema.

"Baba, nifungulie kidogo tu. Nataka rangi ya—"

"Leo? Huna haya? Leo siuzi hata msumari! Njoo kesho."

Nikafunga mlango. Kesho yake alikuwa baharini tayari.

Nilinyamaza kwa woga, sina jina jingine la kuupa. Mwanzoni nilisema nitamwambia uchungu ukipungua. Kisha miaka ikapita, na kila Jumamosi nikawa naketi jikoni kwake nikinywa kahawa yake.

Mwezi wa sita mwaka huu binti mmoja Mbelgiji, aliyenyimwa nguo zake kama wengine, alimwuliza mbele yangu, "Na picha ya mwanao iko wapi pale ukutani bandarini, mama?"

"Haipo," akajibu. "Mwanangu alituona wajinga."

Jumamosi ilipofika sikuigusa kahawa. Nilimweleza yote, supu, mlango, kesho. Nilitegemea matusi, maana ulimi wake naujua.

"Alikuja?" akauliza.

"Alikuja, Mama Nélio. Mbio."

"Kwa hiyo alinisikia." Akaushika ukingo wa meza. "Mwanangu alinisikia." Akalia, na mimi nikalia. Kisha akaenda sebuleni akaigeuza ile picha, akaipangusa vumbi kwa aproni. Aliporudi macho yake yalikuwa makavu.

"Miaka kumi na tisa, Hermínio. Umekaa kwenye kiti hicho, unanisikia nikimwita mkaidi, unaomba sukari."

"Ndiyo."

"Mtu mzima kama wewe!"

"Ndiyo, Mama Nélio."

Akavuta kiti. "Alitaka rangi gani?"

Namkumbuka kijana alivyosimama, jasho lake, kifungo cha shati kilichokatika. Nilitafuta kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo katika mfuko ule ule.

"Sijui," nikasema. "Sikumwacha amalize."

Jumatatu alikuja dukani. Hakunisalimu. Alisimama mbele ya rafu za rangi, akashika kopo hili, akaliweka, akashika lile, wateja wakimpisha, mpaka nikawa nataka kufunga na siwezi kumwambia. Nikamwambia achukue zote, bure.

"Zote za nini?" akasema. "Yeye alitaka moja."

Akatoka mikono mitupu. Mlango niliuacha wazi.