Tusa Aliyekuja Siku ya Mazishi

Ukitaka kucheka, cheka, lakini subiri nimalize. Hili halikumpata rafiki wa rafiki yangu. Lilinipata mimi, mchana kweupe, sijaonja hata bia, kwenye hospitali moja pale Uyole.

Nilikuwa fundi wa kompyuta pale miaka tisa. Kisha akaja Tusajigwe, kijana wa Kinyakyusa, na mwaka haujaisha akafanywa mkuu wa kitengo. Manesi walimwita "Injinia Tusa". Mimi nilibaki "wewe wa kompyuta". Niamini, wivu unakula mtu. Mama yake alipofariki, basi zima la wafanyakazi lilikwenda kuzika Makongolosi, mbali kule kwenye ukame na vumbi jekundu, mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, mbele. Hata msiba ule niliuonea wivu. Nilipofiwa mimi walikuja wangapi? Wanne.

Nikabaki zamu. Hospitali ilikuwa na kompyuta moja kubwa, na programu iliyoigawa ndani kwa ndani kuwa kompyuta saba zisizoshikika, tunaziita mashine pepe: ya maabara, ya famasi, ya mapokezi, ya mazoezi ya wafanyakazi wapya na nyingine. Wiki moja nyuma, watengenezaji walituma onyo: programu ina tundu. Mtu akiingia kwenye mashine pepe moja tu, hata ile ya mazoezi, anaweza kuigandisha kompyuta kubwa, na zote saba zikafa. Kiraka cha kuliziba kilikuwa tayari. Onyo lilikuja kwangu, nikalikalia. Nilitaka zife yeye akiwa mkuu.

Saa nane mchana, nje manyunyu na ukungu, mlango ukafunguka. Tusa huyo, na sweta lake la bluu.

"Ndaga, kaka," akanisalimu kwa Kinyakyusa chake.

"Umerudi? Mmeshazika?"

Akavuta kiti mbele ya skrini, akafungua ile mashine pepe ya mazoezi. "Kuna onyo lolote limekuja?"

"Hakuna," nikasema.

Akatabasamu. Baridi ilikuwa kali, pumzi yangu inatoka moshi. Yake haitoki. Niliona, nikajifanya sijaona. Akaandika mstari mmoja, akabonyeza, akatoka bila kuaga. Kompyuta kubwa ikaganda.

Unajua nilihisi nini? Furaha. Nikampigia mganga mfawidhi mbio mbio: "Daktari, Tusa ameangusha mfumo!"

Nikasikia watu wanaimba nyuma yake. "Tusa yupi?" akauliza. "Tusa yuko mbele yangu hapa, anatupia udongo kaburi la mama yake."

Nikatazama chini ya kile kiti. Nje tope tupu, lakini pale sakafuni palikuwa na vumbi jekundu, kavu.

Nesi wa leba akaingia anahema: kuna mama anatoka damu nyingi, na kundi la damu yake limo kwenye mfumo. Ikabidi wampime upya, mumewe analia koridoni. Alipona, Mungu mkubwa.

Kesho yake Tusa alirudi, akaziba tundu, akalikuta lile onyo kwenye barua pepe zangu, limeshasomwa. Hakunisema kwa mtu. Aliniuliza tu, "Kaka, nilikukosea nini?" Heri angenitukana.

Aibu ilinitoa pale; sasa niko Iringa, natengeneza simu. Kila Krismasi Tusa hunipigia. Naiacha iite mpaka ikate, maana sijui anayepiga ni yupi.

Na wewe, kama kuna mtu unayesubiri aanguke, siku akikujia anatabasamu usimdanganye. Mpigie simu kwanza, ujue yuko wapi.