Tuta la Nyumba Mbili

Nikipita mahali ambapo makumbi ya nazi yamefukuliwa topeni, harufu yake ya kuoza hunirudisha Mtoni, alasiri ile baba aliponipa jembe nami nikalipokea. Ningeweza kukataa. Nilikuwa na miaka kumi, na mtoto wa miaka kumi anajua kusema hapana. Kuoga si nilikuwa nakataa kila siku?

Pale ukingoni mwa mkono wa bahari nyumba zilikuwa mbili tu: yetu, na ya Bi Mwanaidi, mjane aliyeninyonyesha mama alipougua baada ya kunizaa. Mwanawe Shabani alikuwa ndugu yangu wa kunyonya, na mwingine sikuwa naye. Kila masika yakikaribia, nyumba zote mbili tulijenga tuta moja refu la tope na makumbi, kuzuia maji ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Bi Mwanaidi alikanyaga tope huku akitutania kwamba vijiguu vyetu vinafaa kuchokolea moto tu.

Mwaka huo bamvua kubwa lilikutana na mvua. Bi Mwanaidi na Shabani walikuwa wanakwenda msibani Kinondoni. Kabla ya kuondoka aliniita. "Mwanangu, tuta nakuachia wewe. Likitoboka, ziba." Nikavimba kichwa.

Kesho yake maji yalipanda hadi juu, upande wetu ukaanza kuvuja. Baba akaziba, pakavuja pengine, akaziba tena. Kisha akasimama akiutazama uwanja wa jirani, uliokuwa bondeni kuliko wetu. Maji yakipata njia huko, yangepunguza kutusukuma sisi.

"Kata kule kwa Bi Mwanaidi."

"Baba, ameniachia mimi."

"Kule hakuna mtu. Huku yumo mama yako. Nenda."

Nilikata. Maji yaliingia taratibu, bila kishindo nilichokitazamia, yakaizunguka nyumba yake ya miti na udongo hata kuta zikalegea, zikakaa chini kama mtu aliyechoka. Yetu ikasimama. Jioni baba hakugusa chakula.

Waliporudi nilitoa shikamoo, nikasema maji yalizidi. Bi Mwanaidi aliitikia marahaba, akaniwekea mkono kichwani, akanipa pole mimi. Shabani ndiye aliyekwenda kulitazama pengo. Kingo zake zilikuwa zimenyooka.

"Mama," akasema, "siku hizi maji yana jembe."

Mkono ukaondoka kichwani pangu. Hakugomba. Aliokota vyungu vilivyosalia, wakahamia Kimbiji kwa kaka yake.

Masika yaliyofuata tulijenga tuta watu watatu, halikufika hata nusu. Nyumba yetu nayo ikaenda, tukahamia chumba cha kupanga. Mama alizoea kusema mkono mmoja haulei mwana. Nilidhani ni maneno ya watu wenye watoto wachanga.

Kwa miaka mingi nilimlaumu baba. Lakini baba aliogopa, naye hakunituma kusema uongo. Ule niliutunga mwenyewe, mkono wa yule mama ukiwa juu ya kichwa changu.

Bi Mwanaidi alifia Kimbiji, nami nilipata habari arobaini imekwisha kusomwa. Nilikwenda. Shabani alinikaribisha kwa adabu, akanipa maji ya kunywa, akanionyesha kaburi, akaniita bwana. Nilimpoteza mama aliyeninyonyesha, na ndugu pekee niliyekuwa naye, kwa ajili ya nyumba iliyodumu mwaka mmoja.