Mchunga Panya wa Kerende

Kijana wangu alinionyesha video kwenye simu. Mzungu mmoja ana nyoka kwenye sanduku la kioo, amemshikia panya mweupe kwa koleo. Nyoka anageuza kichwa. Analetewa wa kijivu, anageuza tena. Nyumba nzima ikacheka. "Baba, ona nyoka anavyoringa!" Nikasema naenda kuwaangalia ng'ombe, nikatoka. Ng'ombe wenyewe walikuwa bado machungani.

Nakwambia wewe, rafiki yangu, maana watoto wangu sijawaambia mpaka leo. Darasa niliishia la nne, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Nilikulia Kerende, wakati vilima vyetu bado vilikuwa na nyasi za kufika kifuani. Ukiamka unasikia kengele za ng'ombe zinashuka mtoni, moshi wa samadi umetanda, bibi anakoroga uji wa mtama na kumfokea jogoo. Umande ulikuwa unanilowesha mpaka kiunoni. Ndani ya zile nyasi panya walikuwa na njia zao, nyembamba, zimesafishwa vizuri kama barabara. Mimi nilizijua zote.

Baba alikufa nikiwa mdogo, tukabaki mikononi mwa baba mdogo. Huyo ndiye mkosaji wa kwanza na simfichi. Alikuwa amezunguka Usukumani miaka kadhaa, akarudi na chatu, mnene kama mkono wa mwanaume. Akamweka kwenye pipa lililolazwa, mdomo wa pipa kauziba kwa wavu wa chuma. Siku ya mnada alimvaa shingoni, watu wanajazana, wanawake wanapiga kelele, naye anauza mafuta ya kuchua mgongo. Chatu akinenepa mafuta yananunuliwa. Chatu akikonda watu wanasema, "Dawa gani hii, hata nyoka wake mgonjwa!" Kwa hiyo ilikuwa lazima ale. Na yule chatu alikuwa anachagua.

Wenzangu walipewa ng'ombe wa kuchunga. Mimi nikapewa panya.

Kama wewe si wa kwetu huwezi kuelewa aibu hiyo. Mvulana wa Kikurya anajulikana kwa ng'ombe walio mbele yake. Mimi nilikuwa napita na kopo la maziwa ya unga, nimelitoboa matundu, ndani kunakwaruza. Wachungaji walikuwa wananisubiri kwenye kivuko.

"We mura! Leo umekamua yupi?"

"Mwacheni, ana dume limevunja zizi!"

"Mahari atalipa panya wangapi huyu?"

Nilicheka nao. Ningefanya nini?

Mwanzoni baba mdogo alichagua mwenyewe, na alichagua kama mtu anayechagua dume la kumchinjia mgeni. Mkubwa, mnono, mwenye kifua. "Chatu huyu ndiye anayetulisha," alisema, "siwezi kumpa kitu kimekonda." Akaleta panya buku, karibu sawa na sungura. Yule buku alimng'ata chatu shavuni, na chatu akakaa siku nyingi bila kugusa chakula. Kuanzia hapo kazi ikawa yangu, na viboko vikawa vyangu.

Nilijifunza kwa viboko hivyo. Panya wa nyumbani ananuka masizi. Chatu alimnusa kwa ulimi akarudi kujikunja. Panya wa ghala la shule nilimwogopa, kwa sababu ghala liliwekwa sumu. Ukimwona panya anayumba juani anatafuta maji, huyo mwache. Mwenye jeraha hapana, mama mwenye maziwa hapana. Aliyekubaliwa ni mmoja tu, yule wa nyasi mwenye milia mgongoni, asizidi unene wa chatu mwenyewe, na awe mzima. Nilitega kwa kijiti na uzi wa katani, karanga nimeitafuna kwanza ili inukie. Mikono yangu ilinuka mkojo wa panya hata nikila ugali. Dada zangu walihama kwenye sinia.

Mkosaji wa pili ni mwalimu wetu, mtu wa kuja, aliyeletwa na serikali. Alimpenda sana chatu, alimleta darasani watoto wamwone. Baba mdogo akiniombea ruhusa nikatege, mwalimu anasema, "Nenda, nenda, hesabu utamkopi mwenzako." Ndiyo hivyo nikaishia la nne.

Ukafika mwaka wa saro, yaani msimu wa tohara. Kwetu wanaotahiriwa pamoja wanakuwa kitu kimoja mpaka kufa. Wanakaa pamoja, wanagawiwa nyama pamoja, mmoja akifa wenzake ndio wanaomzika, wa saro nyingine wanateka maji tu. Rika langu lote lilikuwa linajiandaa. Wale wale wa kwenye kivuko wakaacha kunitania, mmoja akavua kengele ya mguuni mwake, akanifungia mimi, akasema, "Sasa hakuna panya wala ng'ombe, mura. Tutakuwa ndugu." Nilitaka hilo jambo kuliko kitu chochote duniani.

Wiki hiyo hiyo chatu akakataa hata wa milia. Nilimletea mdogo, mkubwa, dume, jike. Hapana. Bibi alikuja, akainama kwenye pipa, akasema, "Mwacheni. Macho yake yameingia maziwa. Anataka kuvua ngozi." Hakuna aliyemsikiliza.

Baba mdogo akasema mbele ya ndugu wote, "Huyu akitahiriwa atakaa ndani mwezi mzima. Nani atamjulia chatu panya wake? Ataenda msimu ujao, na wadogo zake." Nilimtazama mama. Mkosaji wa tatu, Mungu amrehemu. Aliangalia chungu. "Vumilia mwanangu," akasema, "sisi wote tunakula kwa huyo nyoka."

Siku rika langu lilipotahiriwa nilikuwa kwenye nyasi. Nilisikia filimbi, nilisikia nyimbo zinapanda kilima, nikaziba masikio kwa mikono ile inayonuka.

Nikarudi na kopo langu, panya wa milia wawili, wazuri sana. Nikamkuta chatu amevua ngozi, anang'aa kama amepakwa mafuta, na mdomoni mwake umening'inia mkia. Panya wa nyumbani. Wa masizi. Alikuwa amejipenyeza mwenyewe kwenye wavu, na chatu akamla bila kuuliza. Baba mdogo alikuwa anapiga makofi. "Kumbe anakula chochote!" Alinipita akicheka, hata hakunitazama. Baadaye alimbadilisha chatu kwa mtamba, huko ng'ambo ya Sirari, na mtamba mwenyewe hakunionyesha.

Nilitahiriwa msimu uliofuata, mrefu katikati ya watoto wafupi, ndevu zimeanza. Watu walikuja kutazama.

Sasa pale kilimani ni mashimo ya mgodi na vifusi vya mawe, na nyasi hazioti. Baba mdogo alishakufa, mwalimu alihamishwa, bibi na mama tumewalaza. Hakuna aliyebaki wa kumuuliza. Hata lile pipa sijui lilikwenda wapi. Ukisimama pale na mwanao ukamwambia hapa palikuwa na njia za panya zimesafishwa kama barabara, atadhani umelewa.

Mwezi uliopita tulizika mtu kijijini Nyakunguru. Marehemu ni yule aliyenifungia kengele mguuni. Jeneza lilipofika kaburini, mzee akaita, "Wa saro yake, shikeni majembe." Wakatoka, vichwa vimeota mvi kama changu, wengine wanatembelea fimbo. Mguu wangu ulinyanyuka wenyewe. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye ndiye wa saro yangu, akanishika mkono taratibu.

"Kaka," akaninong'oneza, "sisi ni wa kuteka maji."

Nikachukua ndoo.