Lori la Nyumba Mbili

Ufuta ulikuwa umeshavunwa na mikorosho inaanza kutoa maua nilipoletewa lori lenye wenyewe wawili. Wote wawili walikuwa wajane wa mtu mmoja.

Mimi ni fundi wa bodi. Nanyoosha bati na kupaka rangi magari katika kiwanja kilicho nyuma ya soko, Nachingwea. Nafanya kazi peke yangu, na mara nyingi napenda iwe hivyo. Lori hilo lilikuwa la tani saba, la zamani, lile lenye pua ndefu. Marehemu alilinunua ujanani, akiwa na mke mmoja hapa Nachingwea. Baadaye alioa mke wa pili Ruangwa, akawa anaishi kwa zamu, lori likienda naye kote. Alipofariki lilikuwa limeegeshwa muda mrefu, panya wamezalia kwenye kiti. Wazee wa ukoo walishauri liuzwe, kila nyumba ichukue chake. Wajane wakakataa, kila mmoja kwake, bila kuonana. Fundi mwingine aliifufua injini, kisha likavutwa mpaka kwangu.

Bi mkubwa alifika asubuhi ya kwanza kabisa akiwa na kigoda chake mwenyewe. Alikuwa mama aliyekwisha kupita makamo, mwembamba, ushungi umefungwa kwa kukaza. Nilimwamkia, akaitikia huku tayari analizunguka gari.

"Fundi, hili lilikuwa bluu," alisema. "Huo weupe ulikuja baadaye. Nataka bluu yangu."

"Bluu ya namna gani, mama?"

Alifungua mlango wa dereva, akaweka kiganja kwenye chuma cha ndani, karibu na usukani. Huko hakuna aliyewahi kupapaka tena. Ilikuwa bluu iliyoiva, yenye ukijani kwa mbali, imefifia pale tu mkono wa dereva ulipokuwa ukipita.

"Hii," alisema.

Siku chache baadaye akaja bi mdogo kwa basi la kutoka Ruangwa. Huyu tulikuwa karibu rika moja, mwanamke mwenye mwili na sauti ya kujiamini, anauza samaki wakavu kule kwao. Alisimama mbele ya lori, mikono kiunoni.

"Nyeupe," alisema. "Lilivyo ndivyo libaki."

"Mwenzako anataka bluu."

"Najua anachotaka. Mwambie nyeupe."

"Kwa nini msiongee wenyewe?"

Alinitazama kama mtu niliyemuuliza kitu cha kitoto. "Mimi na dada tunaongea kupitia watu, fundi. Tangu nimeolewa."

Jambo lenyewe nalijua, maana mimi ni mtoto wa mke wa pili. Mama yangu anaishi Narung'ombe, na nyumba kubwa ya baba ilikuwa Mbwemkuru. Nimekua nikimwona baba anakuja na mfuko wake mdogo wa nguo, anakaa, kisha asubuhi moja mfuko haupo ukutani na sisi tunajua. Yule mama wa Mbwemkuru nilimwona uso kwa uso kwa mara ya kwanza siku ya mazishi ya baba. Kwa hiyo sikuwa na hamu ya kubeba maneno ya wake wenza kutoka huku kwenda kule. Niliwaambia wote wawili kwamba rangi ni kazi ya mwisho, tutafika huko.

Na kweli, kabla ya rangi kulikuwa na kazi nyingi. Nilikwangua bati mpaka chini, nikakata sehemu zilizoliwa na kutu, nikachomelea vipande vipya. Madigadi moja ilikuwa imekunjamana, nikaigonga taratibu kwa nyundo ya mbao nikiwa nimeshikilia chuma kizito nyuma yake. Nikapaka puti ya kujazia mabonde, nikapiga msasa. Puti ikikauka mimi hufumba macho na kupitisha kiganja. Jicho hudanganywa na mwanga, lakini kiganja kikipita juu ya wimbi la bati kinalijua.

Boneti ilikubali kukaa. Madigadi zilikubali. Mlango wa dereva ulifunga vizuri. Uliokataa ni mlango wa abiria. Juu ulibaki wazi, kidole kinapita, na chini ulibana hata ukucha haupiti. Nililegeza bawaba, nikauinua, nikakaza. Ukifunga upande mmoja unafunguka mwingine. Nilihangaika nao mpaka jua likawa kali mno, kisha nikakaa chini nikautazama. Baadaye nikachukua kamba, nikapima uwazi wa mlango kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini, kisha pembe zile nyingine mbili. Kamba hazikulingana. Kumbe mlango ulikuwa hauna kosa. Nguzo inayobeba bawaba ndiyo iliyokuwa imesukumwa nyuma.

Nguzo kama hiyo haijisogezi yenyewe. Bi mkubwa alipokuja nilimuuliza, "Mama, gari hili liligongwa lini?"

"Halijagongwa."

"Upande huu wa kushoto. Lilipigwa kwa nguvu kweli."

"Nimesema halijagongwa." Sauti ilipanda. "Nimeishi na mwenye gari hili tangu niko msichana. Lipate ajali mimi nisijue? Mume wangu hakuwa mtu wa kunificha."

Nikasema sawa mama, nikaendelea na msasa wangu. Alibeba kigoda chake akaondoka mapema siku hiyo.

Walikutana kwa bahati tu. Bi mkubwa alikuwa amerudi, hasira zimeshuka, ameniletea ming'oko, mizizi ile ya porini, ya kuchemsha kwenye bakuli. Nilikuwa nakula nilipomwona bi mdogo anaingia kiwanjani na mpira mpya wa mlango ameuzungusha begani. Hakuwa amenipigia simu. Alipomwona mwenzake alisita kidogo, kisha akaja.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Nikanawa mikono, nikajifanya natafuta spana. Bi mkubwa ndiye aliyeanza, lakini alisema na mimi, wala hakumgeukia mwenzake.

"Fundi wetu huyu anasema gari liligongwa. Nimemwambia halijagongwa hata siku moja."

Bi mdogo aliushusha ule mpira, akautundika kwenye kioo cha pembeni, akausawazisha kama vile ungeanguka.

"Liligongwa, dada," alisema mwishowe. "Njia ya Kilimarondo. Tembo walikuwa wanavuka kutoka mashambani, yeye akakwepa, akaingia kwenye mti. Ilikuwa mwaka uleule alionioa."

Bi mkubwa aligeuka taratibu. "Na yeye?"

"Mbavu. Alivunjika mbavu za kushoto. Walimleta kwangu maana Ruangwa ndiko gari lililomwokota lilikokuwa linaenda. Nilimuuguza mpaka akaweza kusimama. Akasema nisikwambie. Alisema ukijua utamkataza ile njia, na mzigo mwingi wa ufuta ulikuwa unatoka huko."

"Aliniambia anasubiri kipuri. Siku zote zile, kipuri."

"Najua. Nilikuwepo anakupigia simu."

Niliona heri niondoke, lakini walikuwa wamesimama kati yangu na geti. Bi mkubwa aliketi kwenye kigoda chake. Alikaa hivyo, mkono umeziba mdomo, nami nikajua sasa atalia au atatukana. Badala yake ukamtoka mcheko mfupi.

"Mbavu za kushoto," alisema. "Mdogo wangu, unajua aliporudi alilalaje? Ananipa mgongo. Kitandani kwetu mimi hulala ukutani, na kunielekea ilikuwa lazima alalie kushoto. Kila usiku mgongo. Nikasema haya, moyo umehamia Ruangwa, huku anafuata desturi. Sikumuuliza. Nikaanza na mimi kumpa wangu."

Bi mdogo alichuchumaa mbele yake. "Yalikuwa maumivu, dada. Hata kwangu alikuwa halalii upande huo. Alikuwa analala ameketi, ameegemea mto."

"Na huo weupe? Nilijua wewe umemchagulia. Nikasema bibi harusi ameliona gari langu, ameshalibadilisha."

"Mimi? Mimi nilipelekwa kwangu kama mke ndani ya gari la bluu. Baada ya ajali walilibandika bati za kila rangi. Lilikuwa kama kitenge. Fundi wa kule akalipaka rangi aliyokuwa nayo."

"Sasa kwa nini unaing'ang'ania?"

Bi mdogo aliinua macho kwenye boneti. "Inaonekana mbali," alisema. "Yeye hakuacha kupita ile njia, na mara nyingi giza. Nilikuwa najiambia angalau ni jeupe, mwenye gari lingine atamwona. Na atakayeliendesha sasa ni mwanao, dada. Si atapita hukohuko?"

Bi mkubwa alianza kulia wakati huo, si kwa kelele. Mwenzake alibaki amechuchumaa palepale, ameshika ukingo wa kigoda. Mimi nilienda kuangalia kompresa ya kupulizia rangi, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Ijumaa iliyofuata nilipokwenda kumwona mama kule Narung'ombe, nilimsimulia habari hii yote. Alikuwa anachambua mbaazi kwenye ungo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, jambo ambalo si kawaida yake.

"Baba yako," alisema, "kwangu hakuwa anakula mbaazi. Anadonoa kidogo, anasukuma sahani. Mpaka leo sijui kama alikuwa hazipendi, au alikuwa anakuja ameshashibishwa Mbwemkuru. Mtu wa kumuuliza alikuwepo, mke mwenzangu. Sasa naye kafa." Akapepeta ungo, makapi yakaruka. "Ningemuuliza tu," alisema, akaendelea kupepeta.

Niliporudi kazini nilichonga gogo la mninga, nikaliweka na jeki katikati ya uwazi wa mlango, kutoka nguzo hadi nguzo. Nikawa nasukuma kidogo, napumzisha, napima kwa kamba. Chuma ukikifikisha penye mstari na kukiachia, kinarudi. Inabidi ukipitishe kiasi, ukikadirie kitakavyorudi, nami nilikosea mara kadhaa kabla hakijatulia mahali pake. Kisha nikawaita wale mama wote wawili, kwa sababu kuning'iniza mlango wa lori kunataka mikono zaidi ya miwili, na kusema kweli nilitaka waje.

Walikunja mikono ya magauni. Niliwapa kila mmoja kipande cha gunia asikatwe na bati. Bi mdogo alishika chini, bi mkubwa akashika upande wa kitasa, mimi nikaingia kwenye bawaba na spana.

"Inua kidogo, mama. Kidogo. Hapo."

"Hapo wapi? Mwenzangu ananisukuma."

"Sikusukumi dada, wewe ndiye umelegeza."

"Msicheke, mlango unatikisika!"

Nilikaza nati ya mwisho, nikawaambia waachie. Bi mkubwa ndiye aliyeufunga. Ulifunga kwa mlio mmoja mzito, bila kugonga mara ya pili. Alipitisha kidole kwenye ufa kutoka juu hadi chini, polepole, na ufa ulikuwa sawasawa njia nzima. Akaufungua, akaufunga tena.

"Nyeupe, fundi," alisema huku bado ameutazama mlango. "Lakini huko ndani usiguse."

Bi mdogo alikuwa anafuta mikono kwa kanga yake.

Kwangu mimi nyeupe ilikuwa nafuu. Bluu ile, ikikauka na kung'aa, ingetangaza kila wimbi ambalo mkono wangu ulilikosa, na bati la umri ule lina mawimbi hata ufanyeje. Nilipaka praima, rangi ya kutangulia, nikapulizia vumbi jepesi la rangi nyeusi juu yake, nikapiga msasa tena. Penye weusi uliobaki ndipo penye bonde, nikapajaza. Siku ya rangi yenyewe niliamka alfajiri, kabla upepo haujaanza kurusha vumbi la barabarani, nikamwagia kiwanja kizima maji. Nilipuliza mkono mmoja mwepesi wa rangi, nikasubiri, nikapuliza mwingine. Wakati wa kusubiri nilikaa kwenye ndoo nikiwafikiria wale wanawake. Miaka yote ile kila mmoja alikuwa na nusu ya mtu yuleyule, na kila mmoja aliijaza nusu nyingine kwa kubahatisha. Sijaoa mke wa pili na sidhani nitaoa. Lakini nina mke mmoja, na kuna mambo nimemwambia nasubiri kipuri. Jioni ile nilimwambia moja. Si kubwa. Alinitazama sana, kisha akasema alikuwa anajua.

Ndani ya kichwa cha lori nilisafisha kwa sabuni na kitambaa laini, bluu ile ikaamka kiasi chake. Sikuipaka kitu.

Siku ya kulichukua walikuja na mtoto wa bi mkubwa, ndiye dereva. Walikuwa wameshakubaliana kwamba msimu wa korosho lori litakaa Nachingwea, na msimu wa ufuta litahamia Ruangwa. Bi mdogo alilikagua kwa macho ya mnunuzi wa samaki, akainama kwenye boneti.

"Fundi, kuna mdudu humu."

Nikaenda kutazama. Mbu mmoja alikuwa ameingia rangi ikiwa mbichi, amekauka humo na miguu yake yote.

"Naweza kumtoa nikapiga msasa, lakini itabidi boneti nzima irudiwe."

"Dada, tunamwacha?"

"Mwache, sisi tunachelewa," alisema bi mkubwa, ambaye alikuwa ameshapanda na kukaa katikati, mkoba mapajani, ili mwenzake apate dirisha. Bi mdogo alipanda, akaufunga mlango. Kijana akawasha injini, na nikawafungulia geti.