Midomo ya Leonardas Girdvainis

Leonardas Girdvainis alikufa kwenye filamu mara ishirini na tatu, na Teofilė, dada yake wa pekee, hakumlilia hata mara moja. Alipigwa risasi, alilipuliwa pamoja na daraja, alizama na nyambizi, na kila mara alikufa ndani ya sare ya Mjerumani, kakunja uso kama mtu anayeumwa jino. Kaunas nzima, huko Lithuania, ilimwita fahari ya mji. Teofilė alimwita debe tupu, na alikuwa na haki ya kusema, maana ndiye aliyempanulia suruali kila kitambi kilipoongezeka.

Teofilė alikuwa mshonaji kwenye ukumbi wa maigizo alikoanzia kaka yake. Akiwa na miaka saba, homa ya uti wa mgongo ilimnyang'anya masikio, na tangu hapo akawa anasoma midomo ya watu. Sauti alibaki nayo, ila ilikuwa imepinda. Watoto waliiiga wakicheka, naye akaifungia nyumbani, akawa anaongea na mama tu. Kazini aliandika kwenye karatasi.

Jukwaani Leonardas hakuwa lolote. Miaka minane alishika mikuki ya walinzi na kutangaza wageni wa wafalme, kwa sauti nyembamba iliyoishia safu ya nne. Alichojaliwa ni urefu, mashavu yaliyochongoka na macho ya baridi. Watu wa filamu wa Moscow walipokuja kutafuta Mjerumani wa kuchukiwa, wakamwona, wakafurahi. Uso waliutaka. Sauti hawakuitaka, maana Kirusi chake kilinuka shamba la viazi, kwa hiyo katika kila filamu kulikuwa na mtu mwingine, huko huko Moscow, aliyesema badala yake.

Mtu mwenye haya angejifunza Kirusi. Leonardas aligundua kwamba hana haja hata ya kukariri. Katika filamu ya kwanza alihukumu kijiji kizima kichomwe moto. Watu ukumbini walishika vifua, na Teofilė, kwenye kiti chake, akamsoma akihesabu kwa Kilithuania: kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Katika ya tano aliamuru shambulio kwa kutaja aina za uyoga. Teofilė alipomsimulia mama, mama alicheka mpaka akaishika meza.

"Usimwambie mtu," mama akasema. "Ndio mkate wake huo."

Mama alifariki mwezi wa Mei. Alikuwa ameagiza padri, misa, na nyimbo za wazee njiani mpaka makaburini, na Teofilė alitimiza yote. Leonardas alituma telegramu: amezuiwa kazini, analia pamoja nao. Mwaka ule jina lake lilikuwa mezani kwa wakubwa wa Chama cha Kikomunisti apewe cheo cha Msanii wa Heshima, na wakubwa hawakupenda msanii wao aonekane akifuata msalaba. Teofilė alilijua hilo, lakini alijilazimisha kuiamini telegramu. Alitaka sana kuamini kwamba kwa mama, angalau kwa mama, kaka yake hakuigiza. Vuli ilipofika, cheo akakipata.

Majira ya baridi ikaja filamu mpya. Gazeti liliandika kwamba onyesho la mwisho, ambapo jenerali anayekufa anaomba msamaha kwa vijiji alivyovichoma, lilipigwa siku chache tu baada ya mazishi, na kwamba mwana alimwaga humo msiba wake wote. Kilemba cha ukoka hicho, Leonardas alikivaa mpaka kwenye masikio. Shangazi Barbora, aliyekuwa amemnunia tangu makaburini, akalia na kusamehe. Teofilė akaenda kuitazama peke yake, akitarajia uyoga.

Uso wa kaka yake ukajaa skrini yote. Midomo ikasema:

"Teofilė, najua ni wewe tu unayenisoma. Siku ile nilikuwa Kaunas. Nilikaa ndani ya gari nyuma ya ukuta wa makaburi, nikawaona mkimteremsha mama. Padri alikuwepo, nikaogopa kuonekana naye. Sikushuka."

Kesho yake akarudi, asije akawa amesoma vibaya. Hakuwa amesoma vibaya. Alimwonea huruma tangu kwenye kiti mpaka kwenye ngazi za nje, kisha hasira ikamkaba. Mwoga yule alikuwa ametubu mbele ya mamilioni ya watu, akahakikisha hasikiwi na hata mmoja, halafu akamtwisha kiziwi mzigo wa kumtunzia siri.

Mwaka ulipotimia, ndugu walikutana nyumbani kwa mlo wa kumkumbuka mama. Kwenye misa Leonardas hakuonekana. Kwenye supu alifika, na nishani kwenye koti.

"Mwanangu, ulitutoa machozi," shangazi Barbora alisema, akimsogezea sahani ya viazi. "Nikajiambia, huyu si Mjerumani, huyu ni mtoto wa Konstancija anamlilia mama yake."

"Mimi nilifurahi tu kwamba safari hii umekufa polepole," mjomba Izidorius akasema.

Leonardas akaweka mkono kifuani. "Msanii analilia wapi, shangazi, kama si kazini? Ningeweza ningekuja. Walinizuia."

Teofilė akaweka kijiko chini. "Ulisema nini pale?" aliuliza kwa sauti.

Wengine hawakuwa wameisikia sauti ile tangu utotoni mwake.

Leonardas akamgeukia, akatabasamu, akatamka taratibu mno, kwa faida ya ndugu mezani. "Maneno ya mwandishi, mdogo wangu. Kwani nini kingine?"

Teofilė alimpa nafasi. Aliitazama ile midomo, akasubiri, na midomo haikuongeza kitu.

Basi akamsemea. Alisimama, akayasema maneno ya kaka yake yote, ya gari, ya ukuta, ya padri, kwa sauti yake iliyopinda, hakupunguza wala hakuongeza.

Shangazi Barbora akairudisha sahani ya viazi upande wake. "Ulikuwa pale?" alimwuliza. "Leonardas, nakuuliza. Ulikuwa pale ukatuangalia?"

Leonardas alimgeukia dada yake, uso mwekundu, na midomo yake ikaanza kwenda mbio. Teofilė akaketi, akainamisha macho kwenye supu, akala mpaka akaimaliza.