Mdogo Wake Alipomfuata Galveston

Ambilikile alikuwa mtu wa kazi. Alipima damu katika maabara ya hospitali moja huko Arlington, Marekani, na kwa miaka mingi likizo kwake ilikuwa ni kulala. Mkewe, Apolonia, aliposema kwamba baada ya Krismasi wanakwenda Galveston, mji wa zamani ulioko pwani ukishapita Houston, alikubali kwa kuchoka kubishana. Wakati wa baridi hoteli za kule hushuka bei, na Apolonia, mzaliwa wa Tanga, alikuwa na hamu ya bahari hata kama ni ya kijivu.

Houston ndiko alikoishi Humphrey, mdogo wake Ambilikile. Walikuwa hawasemezani mwaka wa tatu sasa. Baba yao alipofariki Tukuyu, Ambilikile alikwenda kuzika. Humphrey hakwenda, makaratasi yake yalikuwa bado yanashughulikiwa, na angetoka Marekani asingeruhusiwa kurudi. Ambilikile alilijua hilo. Lakini pale msibani, baba wadogo walipomuuliza mwenzake yuko wapi, naye amechoka na amesimama peke yake mbele ya ukoo, alijibu kwamba Humphrey amechagua kazi. Maneno yakasafiri mpaka Houston.

Walipopita jijini humo Ambilikile aliongeza mwendo tu.

Kesho yake asubuhi walizunguka mitaa ya zamani ya Galveston, upepo wa kaskazini ukiwachapa masikioni. Mama mmoja mwenyeji aliyewatembeza aliwaonyesha nyumba za mbao zenye vibaraza virefu, akawaeleza kwamba baada ya kimbunga cha mwaka 1900 watu waliziinua nyumba zao kwa jeki na kujaza mchanga chini yake, wengine wakiendelea kuishi humo humo. Ambilikile alimuuliza maswali mengi, akacheka. Apolonia alikuwa hajamwona hivyo siku nyingi.

Waliporudi hotelini wakamkuta Humphrey ameketi mapokezi, koti jepesi mwilini, chupa ya chai na hotpoti la ndizi za nyama miguuni. Apolonia ndiye aliyemwita, bila kumwambia mumewe.

Humphrey alisimama, akamwamkia kaka yake kwa Kinyakyusa, lugha ya kwao. Ambilikile akajibu kwa Kiswahili.

Walitoka wakatembea kandokando ya bahari, Apolonia akibaki nyuma makusudi. Humphrey hakudai kuombwa radhi. Alisema amekuja kwa jambo moja.

"Kaka, nisimulie baba alivyozikwa. Nani aliomba, waliimba nini, kaburi liko upande gani wa nyumba. Sijawahi kumuuliza mtu mwingine. Nilikuwa nakungoja wewe."

Ambilikile aliyakumbuka yote: mvua, nyimbo za kina mama, mgomba uliokatwa kupisha kaburi. Angeweza kuanzia popote. Akawatazama ndege waliokuwa wakielea juu ya maji.

"Si ungekuja?" alisema.

"Haya, kaka," Humphrey akasema, akageuka kuelekea kwenye gari. Apolonia alimsindikiza. Ambilikile alibaki pale pale, mikono mfukoni, mpaka gari lilipoondoka. Baadaye alimwambia mkewe kwamba alitaka kumwita, ila jina halikutoka.

Likizo iliyobaki waliimaliza kwa kutembea. Ndizi walizila, na zilikuwa zimepikwa vizuri.

Wakati wa kurudi Ambilikile, bila kuambiwa, aliiacha barabara kuu pale Houston, akaenda mpaka kwenye fleti ya Humphrey. Walibisha hodi, hakuna aliyefungua. Akapiga simu, haikupokelewa. Wakangoja ndani ya gari hadi Apolonia aliposema Arlington bado mbali na kesho mumewe ana zamu.

Msimu wa joto makaratasi ya Humphrey yalitoka. Alisafiri peke yake hadi Tukuyu, akaoneshwa kaburi, akarudi. Ambilikile alizipata habari hizo kwa baba mdogo.

Siku hizi wanapigiana simu sikukuu zikifika. Krismasi iliyopita Ambilikile alijikaza, akaanza kumsimulia ile siku ya mazishi, mvua ilivyonyesha tangu alfajiri. Humphrey alimwacha aongee kidogo, kisha akamkatiza kwa upole.

"Baba mdogo alishanisimulia yote, kaka," alisema, akauliza shemeji anaendeleaje.